Mnatupima, Majibu Mnapeleka Wapi?

Kila mwaka mitihani ya semista ya pili ikishaisha, vyuo vyetu vinamwaga wanafunzi wilayani na vijijini kwa mafunzo kwa vitendo. Fildi, kama tunavyoiita wenyewe. Wa ualimu wanaingia madarasani, wa afya wanaingia wodini, na sisi wa sayansi ya mazingira tunaingia porini, mabondeni na kwenye vyanzo vya maji, tukiwa na madodoso, chupa za sampuli na simu zenye GPS. Hoja yangu ni fupi: tunachukua mengi vijijini na haturudishi karibu chochote. Mpaka tutakapoanza kurudisha, tusijidanganye kwamba tunasomea mazingira ya watu wa nchi hii. Tunasomea vyeti vyetu.

Natoa mfano wa nyumbani kwetu, maana ndiko ninakokujua.

Maposeni ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Songea, jirani na Peramiho, ile misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam mkoa wa Ruvuma, kitu cha kwanza atakachokumbuka ni mahindi, na hajakosea. Kwetu mahindi ndiyo chakula, ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi sita hivi, na katika miezi hiyo uhai wa kijiji unashikiliwa na mabonde. Maji ya kunywa yanatoka bondeni, bustani za mboga ziko bondeni, mifugo inanywa bondeni, hata udongo na maji ya kufyatulia matofali ni vya huko huko.

Mwanafunzi wa mazingira anafika wakati huo huo, maana fildi nyingi zinaangukia Julai hadi Septemba. Anaona nini? Anaona bustani ya mboga hatua chache kutoka kwenye kijito, wakati kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataja mita 60. Anaona tanuru la matofali linafuka moshi na rundo la magogo pembeni. Anaona shamba jipya lililochomwa moto, visiki vya miombo vikiwa vyeusi. Anaandika: "Uharibifu wa mazingira unaosababishwa na shughuli za kibinadamu." Msimamizi anaridhika. Ripoti inapigwa kava, inalazwa kabatini, na kijiji hakijui hata kama iliandikwa.

Likizo iliyopita jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, aliposikia ninasoma mazingira aliniambia hivi: "Mwanangu, wenzako walikuja hapa na vichupa, wakachota maji kwenye kisima chetu. Walituuliza maswali mpaka tukachoka. Tuna watoto wangapi, tuna kuku wangapi, tunajisaidia wapi. Tukawajibu yote. Sasa yale maji waliyoyapima ni mazima au ni mabaya? Maana sisi bado tunayanywa."

Naomba msomaji asilipite swali hilo haraka. Tuseme kipimo kilionyesha kwamba kisima kile kina vimelea vya kinyesi. Maana yake kuna mwanafunzi mahali fulani, yuko kimbwetani anakunywa maji ya chupa, anajua kwamba maji yale yanaweza kumharisha mtoto. Ameyaandika kwenye jedwali, ameyachorea grafu, ameyatetea mbele ya jopo. Mama anayeyachota kila asubuhi hajui. Kuchemsha sufuria moja kungetosha kumlinda mtoto, lakini hakuna aliyemwambia achemshe. Huo si uzembe mdogo wa kiutawala. Elimu imefika mpaka mlangoni kwa mtu, ikamchungulia, ikaondoka.

Na tuseme kipimo kilionyesha maji ni mazima. Hiyo nayo ni habari kubwa kwa kijiji! Ingewapa nguvu ya kukilinda kisima chao. Kwa vyovyote vile, majibu yalikuwa na kazi ya kufanya, na hayakuifanya.

Kuna sababu ya tabia hii, na inaanzia kwenye madesa yetu. Tumefundishwa, na tumekariri vizuri, kwamba kuna kitu kinaitwa mazingira na kuna kiumbe kinaitwa binadamu, na kazi ya cha pili ni kukiharibu cha kwanza. Ukiingia kijijini na kichwa cha namna hiyo, kila unayemkuta na jembe ni mtuhumiwa. Na mtuhumiwa haletewi ripoti, anaandikiwa ripoti.

Chukua lile tanuru la matofali. Ni kweli linakula kuni nyingi, na kuni hizo ni miti ya miombo iliyokua kwa miaka mingi. Lakini tofali la kuchoma ni nini kwa mtu wa Maposeni? Ni nyumba ambayo haibomoki masika. Ni nyumba ambayo mgeni akija hutafuti pa kumficha. Miaka yote viongozi wanahimiza nyumba bora, mwananchi ameitikia kwa nyenzo alizonazo: udongo, maji, miti na nguvu za vijana. Unapoandika "uharibifu" bila kuandika kwamba huyu mtu alikuwa anajenga nyumba, umeandika nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ndiyo yenye kazi kwetu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, kisha yanaachwa yakomae bila kuchomwa. Hakuna kuni hata moja. Swali la mwanakijiji ni moja tu: nyumba ya vyumba vitatu itanigharimu shilingi ngapi kwa njia hii, na shilingi ngapi kwa tanuru, ukihesabu saruji kutoka Songea mjini, kukodi mashine na vibarua? Hilo ni swali la utafiti wa shahada ya kwanza kabisa! Mwanafunzi wa mazingira na wa uchumi wakiungana, wiki sita zinatosha. Lakini sisi tunaendelea kuandika "athari za ufyatuaji wa matofali kwa uoto wa asili," kichwa kile kile, hitimisho lile lile, kana kwamba kuna asiyejua kuwa mti ukikatwa unapungua.

Nitaongeza jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia. Ukikaa kando ya barabara ya Songea, utaona malori yaliyobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yakielekea Mtwara bandarini. Makaa hayo yatachomwa viwandani, mengine mbali sana na hapa. Sisemi yasichimbwe, huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninachosema ni kwamba Tanzania nzima haifikishi asilimia moja ya gesi joto inayozalishwa duniani, na bado ukisoma ripoti zetu za fildi utadhani mabadiliko ya tabianchi yameanzia kwa bibi anayechoma mabua. Sayansi inayomwona bibi na kutoliona lori ina tatizo la macho.

Hapo hapo, tusiende upande wa pili tukaanza kumtakasa mwanakijiji. Miombo inakatwa kweli. Takwimu za Serikali zilizowasilishwa kwenye mazungumzo ya kimataifa ya tabianchi zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilikuwa ikipoteza misitu ya takriban hekta 469,000 kila mwaka. Sehemu kubwa ilienda kwenye mashamba, na kuni na mkaa navyo vikachukua chao. Na miombo haifi peke yake. Mizizi ya miti yake mingi inaishi kwa ubia na uyoga: uyoga unausaidia mti kufyonza madini kwenye udongo wetu hafifu, mti unaulisha uyoga sukari. Ndiyo maana masika yakianza mama zetu wanakwenda kuokota uyoga msituni, hawaendi kwenye shamba la mahindi. Kata msitu, umekata na mboga. Watu wa Maposeni wanalijua hilo kwa tumbo, sisi tunalijua kwa kitabu. Tunachokosa ni mahali pa kukutania.

Kuna mfano wa watu waliokutana, na hauko mbali. Ukitoka kwetu ukapanda magharibi kuelekea Mbinga, unafika kwa Wamatengo, wanaolima kwenye miinuko ambayo mtu wa tambarare akiiona anashika kichwa. Mvua za huko ni nyingi, na kwa mujibu wa vitabu udongo ule ungekuwa umeshahamia Ziwa Nyasa. Haujahama, kwa sababu ya ngoro. Mvua zikikaribia kuisha, majani yanafyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana, yakifanya miraba. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika yale majani. Shamba zima linabaki kama sega la nyuki: mashimo katikati, matuta yakizunguka. Maji ya mvua yananaswa shimoni badala ya kukimbia, majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea, na kwenye matuta wanapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Huyo naye ni binadamu na hiyo nayo ni athari ya binadamu kwa mazingira. Mlima umebadilishwa sura kabisa, na udongo umebaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda kuusoma mfumo huo tangu miaka ya 1990, na hawakuishia kuandika. Katika kijiji cha Kindimba walishirikiana na wanakijiji mpaka ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Tazama matokeo yake: mtu ambaye unga wake unategemea kijito ana sababu yake mwenyewe ya kutunza miti kule juu kwenye chanzo. Haihitaji kumletea bango la "tunza mazingira". Utafiti ulirudi kijijini ukiwa na umbo la mashine.

Najua utasema, sisi hatuna Wajapani. Bumu lenyewe linaisha kabla ya mwezi. Sawa. Basi tuongelee ndoo.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Nenda kwenye chemchemi ya kijiji mwezi Oktoba, maji yakiwa machache kuliko wakati wowote. Kinga ndoo, hesabu sekunde. Tuseme imejaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inalenga lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo chemchemi hiyo inatosha watu 1,728. Rudi Oktoba inayofuata, siku ile ile ikiwezekana. Ikiwa ndoo imejaa kwa sekunde 80, chemchemi imebaki na uwezo wa watu 864. Hakuna maabara hapo, hakuna ruzuku wala profesa. Na namba hiyo ukiipeleka kwenye mkutano wa kijiji, hata asiyejua kusoma anaielewa: mwaka jana tulikuwa tunatosha, mwaka huu nusu yetu tumekosa.

Namba kama hiyo haipatikani kwa kwenda mara moja. Inataka mtu wa kupima mwaka hadi mwaka, na mtu huyo si mwanafunzi wa chuo anayekuja wiki sita. Ni vijana wa sekondari walioko pale pale, ambao ndoo wanaibeba kila siku hata hivyo. Wakionyeshwa namna ya kupima na kuandika daftarini, ndani ya miaka mitano kijiji kitakuwa na kumbukumbu ambayo halmashauri yenyewe itakuja kuiomba. Tusidhani watoto wa shule hawawezi. Roots & Shoots ya Jane Goodall, ambayo leo iko katika nchi nyingi duniani, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 wa sekondari waliokuwa na maswali.

Na maji tunayoyazungumza si ya Maposeni tu. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, pembeni kabisa mwa mji wa Songea. Unaelekea kwanza magharibi, unageuka kusini hadi mpaka wa Msumbiji, halafu unakwenda mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Njiani, kule Tulila, masista Wabenediktini wa Chipole wamejenga mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015, wakati Songea bado inaendeshwa kwa jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Upande mwingine wa mkoa huu huu kuna vyanzo vya Mto Luwegu, ambao ukikutana na Kilombero unazaliwa Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kwa hiyo unapochaji simu yako hosteli, chuo chochote ulichopo, kuna mabonde ya Ruvuma ndani ya hiyo chaji. Mkulima wa huku akitunza chanzo, faida inafika mjini. Ni haki basi na majibu ya mjini yafike kwake.

Kuna pingamizi moja nzito ambalo ni lazima nilijibu. Rafiki yangu wa sheria aliniambia: "Ukirudisha matokeo yanayoonyesha bustani ziko ndani ya mita 60, umewapa maofisa sababu ya kuwafukuza watu. Bora ripoti ikae kabatini." Ana hoja. Wakulima wengi wakisikia neno "chanzo cha maji" wanasikia "hameni". Lakini kabati halijawahi kumlinda mkulima. Ofisa akitaka kumwondoa hahitaji ripoti yetu, futi kamba inamtosha. Anayehitaji ripoti ni mkulima, ili akienda mkutanoni aweze kuuliza: ni bustani zipi zinazochafua maji, na ni zipi hazina madhara? Sheria yenyewe inazungumzia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru. Haijasema kila mche wa mchicha ni kosa. Na mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kisheria wa kupitisha sheria ndogo zake. Kijiji chenye namba kinaweza kujadiliana. Kijiji kisicho na namba kinasomewa maamuzi.

Pingamizi la pili ni lugha. Ripoti zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, na ukweli ni kwamba wengi wetu tukiambiwa tuzieleze kwa Kiswahili tunaanza kujikanyaga. Jamani, hilo si pingamizi, hilo ni kipimo. Kama huwezi kumweleza mama yako ulichokigundua kisimani kwake kwa lugha aliyokulea nayo, inawezekana hukugundua kitu, ulinakili tu.

Na kabla hatujamnyooshea kidole mtu wa kijijini kuhusu mkaa, tutazame nyuma ya hosteli zetu. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Chipsi tunazokula saa nne usiku zinakaangwa na nini? Mkaa ule ulitoka kwenye kijiji cha mtu. Dada anayetukaangia hana kosa kuliko sisi tunaomlipa.

Kwa hiyo naomba Serikali ya Wanafunzi ibebe mambo matatu na kuyafikisha kwenye uongozi wa chuo kabla ya fildi ijayo.

Kwanza, kila ripoti ya fildi au utafiti wa mwaka wa mwisho uliofanyika kijijini iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili: tulipima nini, tulikuta nini, mnaweza kufanya nini. Bila ukurasa huo ripoti isipokelewe. Ukurasa huo upelekwe kwa mtendaji wa kijiji, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na usomwe kwenye mkutano wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu.

Pili, jambo lolote linalogusa afya lisisubiri ripoti. Maji yakikutwa na vimelea, mtendaji wa kijiji na ofisi ya RUWASA ya wilaya waambiwe wiki hiyo hiyo.

Tatu, chuo kiwe na orodha ya vijiji na maswali yao. Tukienda fildi, tuanze kwa kuuliza kijiji kinataka kujua nini, na orodha hiyo ikae idarani ili anayetafuta kichwa cha utafiti aanzie hapo. Badala ya watu kumi kuandika jambo moja kila mwaka, aliyekuja mwaka huu ataendeleza alipoishia wa mwaka jana.

Hayo yote hayahitaji bajeti mpya. Ukurasa mmoja ni shilingi mia ya kuchapa. Wanaokwenda fildi Julai hii wanaweza kuanza hata kabla chuo hakijaamua, na wale ambao ripoti zao zimeshalala kabatini bado wana namba za simu za wenyeviti wa vijiji walivyovifanyia kazi. Namba hizo ziko kwenye madodoso yenu. Pigeni.